Uso wa Rais Ndani ya Mkebe wa Shosho

Wasee, mwezi uliopita nilienda kwa shosho Runyenjes, Embu. Akanitolea mkebe wa Kimbo. Ndani, noti sita za elfu moja: zingine zina uso wa Moi, zingine wa Kenyatta. Alikuwa amezificha za siku mbaya. Shida ni kwamba noti za zamani za 1000 mwisho wake ulikuwa 30 Septemba 2019. Elfu sita zimebaki picha tu.

Niliacha chuo, lakini historia imekataa kuniacha. Nikajiuliza hizo nyuso zilifika aje kwa pesa yetu.

Mbinu yenyewe ni ya kitambo. 1518 Albrecht Dürer alimchora Kaizari Maximilian wa Kwanza kule Ujerumani. Mwaka uliofuata sura hiyo ikachongwa kwa ubao na kupigwa chapa. Mtu ambaye hangewahi kumkaribia Kaizari angeweza kumjua kwa sura.

Huku kwetu, mkoloni aliweka kichwa cha King George kwa shilingi. 1966 Kenya ikatoa noti zake, uso ukawa wa Kenyatta. 1980 ukaingia wa Moi. Shosho hajawahi kukanyaga Ikulu, lakini kila siku ya soko alimshika rais mkononi. Dukani kwake pia alimtundika ukutani, juu ya rafu ya sukari. Nikamuuliza kama alimpenda. Akacheka: "Nani alikuwa anauliza kupenda?"

Hata Kibaki alipata sarafu yake ya shilingi 40, mwaka wa 2003.

Halafu Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ikasema pesa isiwe na picha ya mtu yeyote. Sarafu za 2018 zikapata twiga, kifaru, simba na ndovu. Noti za 2019 zikaja na KICC, na sanamu ya Kenyatta ikiwa imekaa hapo mbele. Watu wakaenda kortini kupinga, wakashindwa.

Nimerudi Meru. Hapa Makutano kuta bado zina mabaki ya posta za kampeni. Tuliwatoa kwa noti, wakahamia ukutani na kwa simu zetu. Tofauti ni moja: hizi unaweza kukataa kuzitazama. Shosho hakuwa na hiyo nafasi.

Kwenu picha ya rais ilitundikwa wapi? Uliza mathe, uniambie.