Jinsi ya kuiondoa seva ya barua pepe katika orodha ya marufuku

KAMPUNI hutuma ankara asubuhi, na kabla ya chai ya saa nne barua pepe hiyo imerejeshwa ikiwa na nambari 550 na maelezo kwamba seva iliyoituma imo katika orodha ya waenezaji wa barua taka. Iwapo siku yenyewe ndiyo ya kufungwa kwa zabuni, mkosi huo waweza kuigharimu kampuni kandarasi nzima.

Orodha hizo haziandaliwi na serikali yoyote. Iliyo maarufu zaidi ni ya Spamhaus, shirika lililoanzishwa na Steve Linford jijini London mwaka wa 1998. Seva inayopokea barua huuliza iwapo anwani ya IP ya mtumaji imeorodheshwa, kisha yenyewe ndiyo huamua kukubali au kukataa. Kukimbilia mahakamani hakujawafaa walalamishi. Mwaka wa 2006 mahakama moja ya Marekani iliamuru Spamhaus iilipe kampuni ya e360 Insight fidia ya dola milioni 11.7, kufikia mwaka wa 2011, rufaa zilikuwa zimeipunguza hadi dola 3.

Kosa la wasimamizi wengi ni kuomba msamaha kabla ya kuziba tundu. Mara nyingi mwenye seva si mwenezaji wa barua taka. Neno la siri la mfanyakazi mmoja limeibwa. Fomu ya mawasiliano katika tovuti inatumiwa na walaghai. Au tarakilishi ya idara ya uhasibu imeingiwa na virusi, nayo inatuma barua yenyewe kupitia anwani ileile inayotumiwa na ofisi nzima. Hali hii ya mwisho huwatatiza wengi, kwani kumbukumbu za seva huonekana safi kabisa. Dawa yake ni kufunga mlango nambari 25 kwa kila mashine isipokuwa seva ya barua, kisha kuchunguza ni ipi inayoendelea kuugonga.

Hapo ndipo ombi hupelekwa. SpamCop huiondoa anwani yenyewe saa 24 hivi baada ya malalamishi kukoma. Orodha ya PBL ya Spamhaus wala si shutuma: hukusanya anwani zisizotarajiwa kutuma barua moja kwa moja, kama zile za nyumbani, na mwenye seva halali anaweza kujiondoa. SBL ni kali zaidi. Ombi lake sharti litoke kwa kampuni inayotoa huduma ya intaneti, hivyo ofisi ya Nairobi au Mombasa italazimika kumsukuma mtoaji huduma wake. Spamhaus haitozi ada yoyote, na anayeahidi kuliondoa jina huko kwa malipo ni wa kuepukwa.

Aidha, tangu Februari 2024 Google na Yahoo hutaka kila mtumaji athibitishe kikoa chake kwa SPF au DKIM. Wanaotuma kwa wingi huhitaji zote mbili pamoja na DMARC. Anwani ya IP nayo iwe na jina linalolingana na la seva. Jina hilo huwekwa na mtoaji huduma, kwa hivyo liombwe katika barua ileile ya SBL.