Kutoka Dola 8 Hadi 18: Jinsi Tulivyonaswa na Bei Chee

Wadau, kuna watu walitupa king'amuzi wakajiona wameula. Muvi na sizoni bila matangazo, tena kwa bei chee! Leo wanalipia app tatu, na matangazo yamerudi vilevile. Tulifikaje hapa? Tujikumbushe kidogo.

Mwaka 1997 jamaa wawili wa California walianzisha Netflix. Mwanzoni ulikuwa unaagiza DVD, inakuja kwa posta. Mwaka 2007 ndio wakaanza kuonyesha muvi kwa intaneti, na mwishoni mwa 2010 wakatoa kifurushi cha mtandaoni peke yake: dola 7.99 kwa mwezi. Kwa Mmarekani aliyezoea bili nono za kebo, hiyo ilikuwa kama bure.

Mbona chee hivyo? Studio kubwa za Hollywood zilikuwa bado zinaona intaneti ni kitu cha pembeni, zikawauzia haki za muvi kwa hela ndogo.

Mwaka 2011 Netflix wakajifanya wajanja. Aliyekuwa analipa dola 9.99 kwa DVD na mtandao pamoja, akaambiwa alipe 15.98. Watu wakachukia, na ndani ya miezi mitatu wateja kama 800,000 wakasepa. Somo likaeleweka: ukipandisha kwa mkupuo, watu wanakimbia. Pandisha dola moja moja, wananung'unika halafu wanalipa.

Ndivyo ilivyokuwa. 2014 bei ikawa 8.99, 2015 ikawa 9.99, ikaendelea kupanda hadi Januari 2025 kifurushi cha kawaida kisicho na matangazo kikafika 17.99 kule Marekani. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba chenyewe ni chao.

Studio nazo zilishaamka. Disney walifungua duka lao Novemba 2019 kwa dola 6.99. Kufikia Oktoba 2024, bila matangazo, ilikuwa imefika 15.99. Muvi zilizokuwa sehemu moja zikatawanyika, kila app na bili yake.

Na zile paswedi za kugawana? 2017 Netflix wenyewe waliandika Twitter kwamba mapenzi ni kugawana paswedi. 2023 wakaanza kuwabana wanaogawana. Mapenzi yakaisha.

Hata Kenya tuliyaona. Septemba 2021 wakatoa kifurushi cha bure kabisa kwa simu za Android. Novemba 2023 kikafungwa.

Sasa funzo ni hili: bei ya kwanza siyo bei, ni chambo. App mpya ikija na ofa tamu, usijiulize utalipa ngapi mwezi huu, jiulize utalipa ngapi mwaka wa tatu, ukiwa umeshanogewa na sizoni ya nne.

Wewe mdau, unalipia app ngapi? Na mwezi uliopita ulifungua ngapi kati ya hizo?