Uashi wa chokaa na namna fundi alivyofunzwa kazini

Wajukuu zetu wanaosomea ujenzi katika vyuo vya Maskati, Dubai na Uingereza hupelekwa saiti miezi kadhaa kabla ya kupewa shahada, na wengi wao hurudi nyumbani wakilalamika kwamba huko hawafundishwi kitu. Wanasimama juani, wanatumwa maji, wanashikishwa ncha ya uzi. Nataka kueleza hapa jinsi kazi hiyo ilivyofunzwa kwa waashi wa Unguja, ambao chuo hawakukijua, na jinsi nilivyoiona ikifunzwa katika saiti za Oman tangu mwaka 1974, nilipoanza kazi ya ukarani wa stoo na mahudhurio. Mimi si fundi. Nilisoma shule ya misheni, nikafunzwa hesabu na hati nzuri, na riziki yangu nimeipata kwa kalamu. Lakini karani wa saiti huona mengi, kwa kuwa ndiye anayeandika nani amefika, nani amepewa chombo gani, na nani ameongezwa mshahara na kwa sababu gani.

Kwanza maneno yenyewe. Mwashi ni mtu anayeaka, yaani anayejenga kwa mawe na chokaa. Kitenzi hicho kimeanza kutoka midomoni mwa watu. Vijana husema kujenga tu, iwe banda la makuti au jumba la ghorofa tatu. Na saruji, ambayo kwetu ni ile simenti ya mfukoni, hapa Oman asili yake ni kitu kingine. Sarooj ya Waomani ni udongo uliochomwa kwa moto wa magogo ya mitende, ukasagwa, ukachanganywa na kukandwa kwa maji. Ndiyo iliyozuia maji yasipotee katika mifereji ya falaj, na ndiyo iliyoshika mawe ya ngome nyingi. Jina ni moja, vitu viwili. Nimeona wahandisi wa kwetu wakibishana nusu saa na wazee wa Nizwa kwa sababu hiyo tu.

Mwanagenzi wa uashi Unguja aliingia kazini akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili au kumi na minne, mara nyingi kwa baba, ami au mjomba wake. Mwaka wa kwanza hakushika mwiko. Alibeba mawe, alichota maji, alichekecha mchanga, alisafisha vyombo jioni. Wazazi wa leo wangesema mtoto ananyonywa, na pengine wengine walinyonywa kweli. Lakini katika kubeba mawe alijifunza mawe. Jiwe la matumbawe halifanani na jingine: kuna lililo zito na gumu linalofaa pembeni na chini, kuna lililo jepesi na lenye vitundu linalofaa kati ya ukuta, na kuna lililo laini linalochongeka kwa miimo na matao. Fundi akisema "lete la pembe", mtoto alileta, na akileta lisilofaa alirudishwa. Baada ya miezi mingi ya kurudishwa alijua bila kuambiwa.

Hatua iliyofuata ilikuwa uzi na timazi. Mwanagenzi alisimama upande mmoja wa ukuta akiwa ameshika uzi, fundi upande wa pili, na kazi yake ilikuwa kutotikisika. Hapo ndipo macho yake yalipozoea kuona ukuta ulioinama hata kwa unene wa kidole. Kupata pembe ya mraba walipima futi tatu upande huu, futi nne upande ule, kisha wakahakikisha kwamba mshazari ni futi tano. Sisi shuleni tuliandikiwa jambo hilo ubaoni kwa jina la Mgiriki, na wengi wetu tulilikariri bila kujua lina faida gani. Mwashi hakumjua Mgiriki huyo, na msingi wake ulikuwa sawa.

Chokaa ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko yote, nami naiona ndiyo somo lenyewe. Mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya duara kubwa la magogo, mara nyingi ya minazi, yakachomwa mpaka yakawa meupe na mepesi. Kisha yalimwagiwa maji. Chokaa hiyo mbichi huchemka na kuruka, na ikiingia jichoni hupofua, kwa hiyo mtoto alifunzwa kwanza mahali pa kusimama, upande unakotoka upepo. Baada ya kuzimwa iliachwa shimoni ikiwa na unyevu kwa majuma au miezi. Kadiri ilivyokaa ndivyo ilivyolainika. Kwa kujenga ilichanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Kwa lipu ya mwisho ilichujwa ikawa niru, ikasuguliwa mpaka ukuta ukang'aa.

Kiasi cha maji hakikuandikwa popote. Fundi alichota kwa mwiko, akaupindua, akatazama inavyoshika na inavyoachia. Msimu wa masika kiasi ni kingine, kaskazi ikivuma ni kingine. Utaandikaje jambo kama hilo katika kitabu? Unaweza kuandika, lakini msomaji hatakuwa na mkono uliolijua.

Boriti nazo zilihitaji elimu, na hapa karani husisimka kidogo, kwa kuwa ni hesabu. Miti ya mikoko ilikatwa Lamu na katika delta ya Rufiji, ikapangwa kwa unene: fito, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo. Ilihesabiwa kwa korija, na korija moja ni miti ishirini. Majahazi ya Sur, Kuwait na bandari nyingine za Ghuba yaliipakia kwa wingi. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1939 hadi Rufiji kuchukua shehena hiyo, akaandika kitabu juu ya safari ile. Kwa kuwa boriti nzuri haizidi urefu fulani, chumba cha Mji Mkongwe kina upana wa karibu mita tatu, na chumba cha nyumba kongwe ya Ghuba vivyo hivyo. Nilipoingia mara ya kwanza katika nyumba ya zamani ya Matrah nilitazama dari nikadhani nimerudi Unguja.

Juu ya boriti vilipangwa vipande vya mawe, kisha ukamiminwa mchanganyiko wa chokaa na kokoto, na hapo watu wengi wakakusanyika kupiga sakafu kwa vigogo vidogo kwa siku kadhaa, wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Mapigo yalishindilia chokaa na kuziba nyufa kabla haijakauka. Aliyepiga nje ya wimbo aliacha mahali palipolegea, na mvua ilipakuta.

Katika saiti za Maskati miaka ya sabini mambo yalikuwa mengine: zege, nondo, tofali za simenti. Nchi ilikuwa inajengwa kwa haraka na mafundi walitoka kila upande. Katika kampuni moja niliyofanyia kazi alikuwepo mzee wa Ng'ambo, mwashi wa miaka thelathini, asiye na karatasi hata moja. Aliandikwa kibarua, na mimi ndiye niliyetakiwa kuandika jina lake katika safu ya vibarua kila mwezi. Vijana waliokuja na vyeti walilipwa zaidi ya mara mbili yake, kisha jioni walimfuata wakimwita "mzee wangu" ili awaonyeshe namna ya kupanga nondo za ngazi. Aliondoka akiwa bado kibarua. Kila nisikiapo watu wakisema vyeti si kitu, namkumbuka yeye, na nakataa.

Zege nayo ina siri zake za saiti. Vitabu husema vitofali vya majaribio vya milimita 150 vivunjwe siku ya 7 na siku ya 28, na ni kweli. Lakini kitabu hakimwonyeshi mwanafunzi zege inavyoanza kugoma ndani ya lori lililokwama njiani mwezi wa saba. Hapa tulizoea kumimina usiku, wakati mwingine kwa maji yaliyotiwa barafu, kisha kufunika kwa magunia mabichi na kuyamwagilia. Siku hizi sheria ya Oman inakataza kazi za juani saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane. Mwanafunzi aliye saiti wakati huo asidhani ni mapumziko tu. Atazame jinsi ratiba nzima inavyopangwa upya.

Sababu ya kuyaeleza haya ni kwamba familia nyingi za hapa bado zina nyumba Unguja, za urithi au za ndugu, na hutuma fedha zitengenezwe. Fundi aliyefunzwa kwa simenti tu hupiga lipu ya simenti juu ya ukuta wa matumbawe na chokaa. Unapendeza miaka miwili. Ukuta wa chokaa hupumua. Unyevu ukizibiwa njia hupanda juu na kuingia kwenye ncha za boriti, chumvi hubandua lipu, boriti huoza ndani ya ukuta pasipo kuonekana, na siku moja dari hushuka. Beit al Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo yaliyosaidiwa na serikali ya Oman, na watu wawili walikufa. Sisemi sababu ilikuwa simenti. Nasema majengo haya yanahitaji mikono iliyoyazoea, na mikono hiyo ni michache.

Si kwamba haipo kabisa. Katika miaka ya 1990 zahanati kongwe ya barabara ya Mizingani, iliyowekewa jiwe la msingi na Tharia Topan mwaka 1887, ilitengenezwa na taasisi ya Aga Khan, na vijana wa Unguja walifunzwa uashi wa chokaa na useremala hapo hapo kazini. Unayetaka kutengeneza nyumba, ulizia kwanza fundi aliyepitia kazi ya namna hiyo, na uliza Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla ya kugusa ukuta. Kibali kinatakiwa hata hivyo.

Na kwa aliye na ujuzi bila cheti, njia zipo ambazo mzee wangu wa Ng'ambo hakuzipata. Tanzania Bara, VETA ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti. Uingereza, fundi anaweza kupimwa akiwa saiti kwake na kupewa NVQ, na saiti nyingi kubwa humtaka awe na kadi ya CSCS kabla ya kuingia.

Mwanafunzi aliyetumwa saiti namshauri jambo la kikarani. Nunua daftari lenye jalada gumu. Kila siku andika tarehe, hali ya hewa, kazi iliyofanyika, kipimo chake, kilichoharibika na aliyekuonyesha namna ya kukirekebisha. Kisha mpe fomeni atie sahihi jioni ile ile, wala usingoje mwisho wa mwezi, kwa kuwa fomeni huhamishwa saiti bila kuaga, na anayekuja baada yake hatatia sahihi kazi ambayo hakuiona.