Taa za Mbele na Ubovu Unaohamahama

Taa za gari kuukuu zinazowaka na kuzima zenyewe humsumbua fundi kuliko zilizokufa kabisa. Zilizokufa hutulia zikasubiri kupimwa. Zinazokatakata hupona pale pale gari linapoingia gereji. Ndiyo maana fundi umeme mzoefu haanzi na globu. Kwanza huuliza gari ni la mwaka gani na limetoka nchi gani, kwa kuwa kila kizazi cha magari kilikuwa na mahali pake pa kuficha ubovu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 magari mengi yalimulika kwa gesi ya asetilini, iliyopatikana kwa kudondoshea kabaidi maji. Mwaka 1912 Cadillac ilitoa gari lenye stata na taa za umeme, kazi ya Charles Kettering wa Delco. Ford ikafuata 1915 kwa Model T, lakini kwa njia ya mkato: umeme wa taa ulitoka moja kwa moja kwenye magneto ya flaiwili, kizalisha umeme kinachozunguka pamoja na injini. Injini ikipungua kasi, mwanga unafifia; ikikimbizwa mno, globu zinaungua. Tena zilifungwa kwa mfuatano, hivyo ikiungua moja, zote mbili zinazima. Dereva aliyepunguza mwendo ili aone shimo gizani, ndipo shimo lilipompotea machoni. Betri na jenereta zilianza kufungwa kwenye baadhi ya Model T mwaka 1919, na ugonjwa huo ukaanza kutoweka.

Uingereza ilikuwa na ugonjwa wake. Joseph Lucas wa Birmingham alianza kwa kuuza mafuta ya taa kwenye mkokoteni, akaingia kwenye taa za meli na za baiskeli. Mwaka 1914 kampuni yake ilipata mkataba wa kuiuzia Morris vifaa vya umeme, na baadaye vifaa vya Lucas vikaenea kwenye magari ya Kiingereza, zikiwamo Land Rover zilizozoeleka Afrika Mashariki. Wapenzi wa magari hayo humtania Lucas hadi leo kwa jina la Mkuu wa Giza.

Utani huo una chanzo. Nyaya ziliungwa kwa vichwa vidogo vya shaba nyeupe vilivyochomekwa kwenye mirija. Mtikisiko huvilegeza, unyevu huvitia kutu. Bodi ya Land Rover, iliyoanza kuuzwa 1948 wakati chuma kilikuwa adimu, ilitengenezwa kwa aloi ya alumini, na pale alumini inapobanwa na boliti ya chuma, maji hufanya alumini ilike. Ethi, yaani kiungo cha waya na bodi, ikilika, umeme haurudi vizuri kwenye betri. Katika mfumo wa volti 12, volti moja ikipotea njiani, takriban robo ya mwanga huondoka nayo.

Wamarekani walikuja na jambo la ajabu zaidi: taa zilizokatika kwa makusudi. Magari yao mengi ya katikati ya karne yalikuwa na kikata-umeme ndani ya swichi ya taa, kipande cha metali mbili kinachojikunja kikipata joto. Waya ukipiga shoti, kinakata; kikipoa, kinaunga tena. Wahandisi waliona heri dereva apate mwanga wa kudonadona kuliko kubaki gizani kwa fyuzi iliyoungua. Kwa gari la namna hiyo, taa zinazozima na kurudi kwa vipindi humwelekeza fundi kwenye swichi yenyewe, au kwenye waya uliochunika na kugusa bodi.

Kisha zikaja Land Cruiser za Toyota. Katika modeli kadhaa za zamani, globu hupata chanya moja kwa moja, na swichi hufungua na kufunga upande wa hasi. Fundi aliyezoea gari la Kiingereza akipima, hukuta umeme umejaa kwenye soketi huku taa haiwaki. Kipimo cha kweli hufanywa taa zikiwa zimewashwa: ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye mguu wa hasi wa globu. Ikisoma nusu volti au zaidi, njia ya kurudi ina kasoro, iwe ni ethi, kiungio au swichi.

Siku hizi wenye magari hayo hununua globu za LED wakitumaini kumaliza tatizo. Nyingi hujali chanya na hasi, na zile zilizoundwa kwa hasi ya pamoja hazikubaliani na mpangilio wa Toyota hizo. Mwenye gari hurudi kwa fundi na taa mpya zenye kasoro mpya.