Mhusika Hayupo, Faili Halionekani

Mpanda, mkoani Katavi, Tanzania, hakuna kaunti. Neno hilo ni la Kenya, lilikoenea baada ya Katiba ya mwaka 2010 kuigawa nchi hiyo katika serikali 47 za kaunti. Katavi mtu anayetafuta kumbukumbu ya serikali huanza na jozi ya maneno ambayo masikio ya wengi hayaitenganishi: wilaya na halmashauri. Mkoa una wilaya 3, yaani Mpanda, Mlele na Tanganyika, lakini halmashauri ni 5: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe. Wilaya ni mkono wa Serikali Kuu. Halmashauri ni serikali ya mitaa, yenye madiwani wa kuchaguliwa na mkurugenzi wa kuziendesha kazi. Mtaani husemwa kwa kifupi: kwa DC, yaani Mkuu wa Wilaya, na kwa DED, yaani mkurugenzi wa halmashauri. Anayekwenda kwa DC kuulizia jalada la kiwanja chake amekosea mlango, na anayekwenda kwa DED kuulizia cheti chake cha kuzaliwa naye atasindikizwa kwingine, kwani usajili wa vizazi na vifo ulio chini ya RITA, wakala wa usajili wa Serikali, umezoeleka kukaa kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Wazee bado huiita bomani.

Hata hilo jina la jumla, serikali za mitaa, lina kichekesho chake. Mtaa kisheria ni wa mjini. Vijijini, Usevya au Mishamo, mtu anaishi kwenye kitongoji cha kijiji fulani, hana mtaa wowote, na bado serikali yake inaitwa ya mtaa. Tumelizoea kiasi kwamba hakuna anayeuliza.

Lakini neno linalonivutia kuliko yote katika ukumbi wa halmashauri ni diwani. Tunamjua diwani kuwa ni mtu: anaomba kura za kata, anadaiwa barabara na zahanati. Neno lenyewe lilipoanza safari yake halikuwa mtu. Katika Kiajemi na Kiarabu cha kale lilikuwa daftari, orodha ya majina na malipo, na inaelezwa kwamba khalifa Umar, katika karne ya 7, aliwaandika askari wake katika daftari la jina hilo ili wapate posho zao. Kutoka kwenye daftari likawa ofisi inayotunza daftari. Wafaransa wakaishia nalo forodhani, maana ofisi yao ya ushuru inaitwa kwa neno la mzizi uo huo. Washairi wetu wakaita diwani kitabu kinachokusanya mashairi ya mtu mmoja. Katika miji ya pwani ya Mrima diwani akawa mtawala, na kutoka huko cheo kikarithiwa na mwakilishi wa kata. Kwa hiyo Baraza la Madiwani, ukilisikiliza kwa sikio la historia, ni kikao cha madaftari. Sijui kama kuna mwombaji wa nyaraka aliyewahi kumkumbusha diwani wake jambo hilo, lakini hoja hiyo ningependa kuisikia ikitolewa.

Masjalani nako, mafaili yanakotunzwa, ukiyavua maneno nguo zake, unabaki na ngozi na majani. Jalada linatokana na Kiarabu cha ngozi, kwa kuwa vitabu vilivikwa ngozi. Daftari limefika kwetu kupitia Kiarabu na Kiajemi, lakini chimbuko lake ni Kigiriki, na huko nako lilikuwa ngozi iliyotayarishwa. Waraka ni jani. Hati ni mstari, mwandiko. Cheti kimetoka Bara Hindi na maana yake ilikuwa kijikaratasi tu, kikaratasi cha kupeleka ujumbe, na tazama leo kilivyopanda hadhi: mtu hana cheti, hana kazi. Masjala yenyewe, au masijala kama wengine waandikavyo, ni ndugu wa sajili, msajili na usajili. Watanzania wengi hukutana na ukoo huo kwenye kurasa za michezo kuliko ofisini. Mwulize kijana yeyote wa Mpanda usajili ni nini, atakutajia mshambuliaji mpya wa Simba au Yanga kabla hajafika kwenye kizazi na kifo.

Neno moja tu kubwa katika ukoo huu limezaliwa nyumbani: kumbukumbu. Linatokana na kukumbuka, likarudufiwa. Idara inayosimamia mambo haya nchini inaitwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na sheria yake ni ya mwaka 2002. Katika lugha ya idara, kumbukumbu ni zile zinazozalishwa na kutumika ofisini, na nyaraka ni zile zilizochaguliwa kuhifadhiwa daima. Kati ya hizo mbili zipo kumbukumbu tuli, zilizokwisha kufanya kazi lakini hazijapata hukumu yao. Tuli ni kivumishi kizuri sana. Hakisemi kwamba zimekufa, kinasema zimetulia. Kwa mtu wa kawaida mpaka huo haupo. Nyaraka kwake ni karatasi zozote zenye muhuri, na kanisani Nyaraka ni za Mtume Paulo. Kwa watumishi wa umma, waraka ni maelekezo yanayoshuka kutoka juu. Neno moja lina kazi nne, na anayelitamka dirishani inampasa aeleze anataka ipi.

Katavi, tatizo la neno linakutana na tatizo la mpaka. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Rukwa yenyewe iliundwa katika miaka ya 1970, na kabla yake Mpanda ilitazama Tabora. Mzee aliyezaliwa Mpanda kabla ya Uhuru na ambaye hajawahi kuhama amekwisha kuishi chini ya makao makuu matatu: Tabora, Sumbawanga na Mpanda penyewe. Cheti cha mtoto wake kinasema Mkoa wa Rukwa, cha mjukuu kinasema Katavi, na nyumba ni ile ile. Halmashauri iliyokuwa ikiitwa ya Wilaya ya Mpanda sasa inaitwa ya Tanganyika, makao yake Majalila. Hebu fikiria mtafiti anayeandika neno Tanganyika kwenye fomu ya maombi: anataka wilaya, ziwa, au nchi iliyoungana na Zanzibar mwaka 1964?

Zipo pia nyakati ambazo hakuna cha kutafuta. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa na mpango ukaitwa Madaraka Mikoani, jina ambalo lilimaanisha karibu kinyume cha linavyosikika, maana madaraka yalikwenda mikoani mikononi mwa maofisa wa Serikali Kuu. Sheria za kuzirudisha halmashauri zilitungwa mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi mwaka 1984. Mtu anayetafuta mihtasari ya vikao vya halmashauri ya wilaya vya kati ya miaka hiyo asimlaumu mtunza kumbukumbu. Anachotafuta hakikuandikwa kwa sababu halmashauri yenyewe haikuwepo.

Na kuna makazi ya Katumba na Mishamo. Katumba ilipokea wakimbizi kutoka Burundi kuanzia mwaka 1972, Mishamo kuanzia 1978, na kwa miongo mingi karatasi za watu wa huko zilikuwa mambo ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Mwaka 2014, wao pamoja na wenzao wa Ulyankulu mkoani Tabora, watu zaidi ya 160,000 kwa jumla, walianza kupewa vyeti vya uraia. Uraia huo kisheria unaitwa wa tajnisi. Mzizi wake ndio uliotupa jinsi na jinsia. Kumtajnisi mtu ni kumpa jinsi yake, kumweka katika kundi. Ni neno ambalo Dar es Salaam unaweza kuishi miaka mingi bila kulisikia nje ya ofisi ya uhamiaji. Katumba, kwa kijana anayeomba kazi au mkopo wa chuo, tajnisi ni jibu la swali la kwanza kabisa kwenye fomu.

Faili likiwepo, linapatikanaje? Angalia kichwa cha barua yoyote ya serikali. Upande mmoja kumeandikwa: Unapojibu tafadhali taja. Chini yake: Kumb. Na., kisha herufi na tarakimu zilizotengwa kwa mikwaju. Hapo kumbukumbu imekatwa mkia ikabaki herufi nne, lakini ndiyo ufunguo wenyewe. Mwananchi hutafuta kwa jina. Masjala hutafuta kwa namba. Barua kuukuu ya mwaka fulani, hata kama maudhui yake hayana maana tena, ina thamani kwa sababu ya ule mstari mmoja. (Mkwaju, kwa msomaji wa Katavi, si alama ya uandishi tu. Hifadhi ya Taifa ya Katavi imepata jina kutokana na Katabi, mzimu ambao wenyeji husema unakaa kwenye mti, na mti huo ni mkwaju.)

Kisha kuna sarufi ya dirishani, ambayo ingestahili sura nzima katika vitabu vya isimu. Faili serikalini halipotei. Halionekani. Tofauti ni kubwa, kwa sababu kupotea kunadai mpotezaji, ilhali kutoonekana ni hali ya faili lenyewe, kama ukungu asubuhi. Likionekana, huenda liko kwenye mzunguko. Likitoka kwenye mzunguko, liko mezani. Na mezani, mhusika hayupo. Wanafunzi wa fasihi wanamjua mhusika kuwa ni yule aliyeumbwa na mwandishi, asiyeishi nje ya ukurasa. Watu waliosubiri kwenye benchi la ofisi wanaweza kuafiki fasili hiyo bila kusoma riwaya. Utaulizwa pia kama umekuja na nakala halisi. Nakala ni kilichohamishwa kutoka kingine, kwa hiyo nakala halisi ni kitu ambacho mantiki inakikataa na kila mtu anakielewa. Ile inayotoka kwenye mashine tumeiita kivuli, na hapo nawapongeza waliobuni: kivuli cha cheti hakiwezi kusimama bila cheti.

Ukikusanya vitenzi vya uwanja huu utaona vyote vinaelekea upande mmoja. Kumbukumbu hutunzwa, huhifadhiwa, husajiliwa, hufungwa. Cheo kipo: Mtunza Kumbukumbu, na daraja lake. Masjala ya wazi ipo na ya siri ipo. Lakini mtu wa upande wa pili wa dirisha anaitwaje? Akija na kibali anaitwa mtafiti. Akija na haraka na maswali mengi anaitwa mdadisi, na akishika faili bila ruhusa anaitwa mpekuzi, neno ambalo polisi wamekwisha kulichukua. Akijaza fomu anaitwa mwombaji. Mwombaji! Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki, na inaipa ofisi siku zisizozidi 30 za kumjibu; lakini mtu mwenye haki anaingia mlangoni akiwa na jina linalomkaa pia anayenyoosha mkono kituo cha basi. Taarifa nayo ina mwelekeo wake wa asili. Tumeagizwa tangu utoto tutoe taarifa: polisi, kwa mwenyekiti, kwa mtendaji. Sheria ya 2016 imejaribu kuligeuza neno litazame chini, na shingo bado ni ngumu.

Vijijini, hata hivyo, kitenzi cha mtafutaji kimekwisha kupatikana, na hakikutoka kwenye kamati yoyote ya istilahi. Kinahusu muhtasari na hesabu. Muhtasari kwa asili ni ufupisho. Kwa mwanakijiji ni kumbukumbu za kikao, na uzito wake unajulikana kwa sababu muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji umeamua mashamba ya watu wengi. Ndiyo maana kesi za ardhi nchini zimejaa malalamiko ya mihtasari ya kughushi. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Usipofanyika, manung'uniko yanayosikika hayasemi kwamba watu wamenyimwa nyaraka. Yanasema: hatujasomewa mapato na matumizi.

Kusomewa. Mzizi ni soma, ikaongezwa kauli ya kutendea, kisha ya kutendwa. Kazi inabaki kwa mwenye daftari: asimame, afungue, atamke kwa sauti. Lakini kiima cha sentensi ni sisi. Hakuna mwombaji humo wala mpekuzi, na asiyejua kusoma hapungukiwi kitu. Afisa anayesema karatasi imebandikwa kwenye ubao wa matangazo hajajibu hoja, maana kubandika ni kitendo cha karatasi na ukuta. Nadhani mtungaji wa sheria angekuwa ameketi kwenye mkutano mmoja wa namna hiyo, huenda angeandika Sheria ya Kusomewa, na kila mtu kuanzia Inyonga hadi Karema angejua inadai nini.

Baada ya kusomewa huja kipengele ambacho ajenda za vikao hukiita yatokanayo. Hapo ndipo mtu wa nyuma huuliza ile fedha ya bati za zahanati ilinunua bati ngapi, na risiti iko kwa nani.