Atoksili katika Visiwa vya Ssese: Daktari kati ya Mgonjwa na Dola, 1906–1907

Mwaka 1906 Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyekuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia kwa utafiti wake juu ya kifua kikuu, alifika Mwanza akiongoza tume iliyotumwa na serikali yake kuchunguza malale, maradhi yanayoenezwa na mbung'o na kusababishwa na vimelea viitwavyo tripanosoma, ambavyo hukaa kwanza katika damu na tezi kabla ya kuingia ubongoni. Kwa kuwa wagonjwa walikuwa wachache upande wa Wajerumani, tume ilihamia Visiwa vya Ssese katika himaya ya Waingereza ya Uganda, ambako ugonjwa huo, uliotambuliwa mwaka 1901 na madaktari wa hospitali ya wamisionari ya Mengo, ulikuwa umekwisha kuteketeza vijiji vizima. Watu walifika kambini Bugala kwa mamia wakitafuta tiba, na matumaini waliyokuja nayo ndiyo yanayoupa uzito wajibu wa daktari aliyewapokea.

Dawa aliyowapa ilikuwa atoksili, mchanganyiko wenye aseniki, ambayo ni sumu inayodhuru vimelea na mwili wa mgonjwa pia. Koch alianza kwa kuwadunga nusu gramu, na alipoona kwamba vimelea havimaliziki, alipandisha kipimo hadi gramu 1, ndipo maumivu na kizunguzungu vikazidi, na wagonjwa 22 wakapofuka kabisa kwa sababu sumu iliharibu neva za macho yao. Baada ya hapo alirudi kwenye kipimo kidogo, lakini dawa yenyewe hakuiacha.

Haiwezi kusemwa kwamba wazo la ridhaa, yaani kukubali kwa hiari baada ya kuelezwa madhara, lilikuwa bado halijazaliwa. Huko Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani, Profesa Albert Neisser wa Breslau alikuwa ametozwa faini kwa kuwadunga wanawake, wengi wao makahaba, maji ya damu ya wagonjwa wa kaswende bila ridhaa yao; na mnamo Desemba 1900 waziri mwenye dhamana ya tiba aliwaagiza wakuu wa kliniki kwamba uingiliaji wowote usiokusudiwa kuchunguza ugonjwa, kutibu au kukinga usifanywe kwa mtoto, wala kwa mtu mzima ambaye hajaelezwa madhara yanayoweza kutokea na kukubali waziwazi. Agizo hilo lilikuwa na udhaifu mkubwa: lilielekezwa kwa kliniki za nyumbani, na halikugusa tiba, hata ile ambayo bado ilikuwa ikijaribiwa. Kazi ya Ssese iliitwa tiba, na ilifanyika ng'ambo ya bahari, kwa hiyo ilibaki nje ya kinga hiyo kwa pande zote mbili, ingawa kupandisha kipimo cha sumu ili kuona matokeo yake ni jaribio, liitwe kwa jina lolote.

Kilichozidisha uzito wa jambo hili ni hoja ya afya ya jamii. Atoksili iliweza kuondoa vimelea katika damu kwa muda, hata pale ambapo mgonjwa hakupona, na mbung'o aliyemuuma mtu wa namna hiyo hakupata cha kueneza. Maana yake ni kwamba sindano iliweza kuwanufaisha majirani na dola iliyohitaji nguvu kazi, huku aliyedungwa akibaki na ugonjwa wake na hatari ya upofu. Hoja hiyo haikuwa ya uongo, kwa kuwa mlipuko ulikuwa ukiua umati wa watu, lakini ilimgeuza mgonjwa kuwa ghala la vimelea linalopaswa kusafishwa, na haki yake ya kuuliza na kukataa haikupewa nafasi.

Juu ya msingi huo Koch alipendekeza kambi za kuwakusanya wagonjwa, na Wajerumani wakazijenga kandokando ya maziwa, zikiwemo za Kigarama karibu na Bukoba na Shirati upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Wagonjwa walitafutwa vijijini kwa kupapaswa tezi za shingo, mara nyingi kwa msaada wa watawala wa kienyeji, na wengi waliokwisha kuonja maumivu ya dawa walitoroka au walijificha watafutaji walipokaribia. Madaktari waliona utoro huo kuwa kikwazo cha kampeni, ilhali ulikuwa njia pekee ya kukataa tiba iliyobaki mikononi mwa wagonjwa.