Kwa nini vichwa vya treni vilipewa majina?

Majahazi yana majina, mabasi yana majina, hata ng'ombe wa maziwa huitwa kwa jina lake. Msikilizaji, vichwa vya treni navyo vilikuwa na majina, na majina hayo yana mengi ya kutueleza.

Desturi hii tuliletewa na Waingereza. Kwao ni ya zamani: kichwa kilichoshinda mashindano ya Rainhill mwaka 1829, kazi ya George Stephenson na mwanawe Robert, kiliitwa Rocket. Namba ilikuwa ya karakana na vitabu vya kumbukumbu. Jina lilikuwa la watu, na pia la kumtukuza anayetajwa.

Huku kwetu, Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa na vichwa vya mvuke vya daraja la 60, vilivyopewa majina ya magavana wa kikoloni. Namba 6006, kwa mfano, iliitwa Sir Harold MacMichael, aliyekuwa gavana wa Tanganyika kuanzia 1934 hadi 1938. Baadaye vibao vya magavana viling'olewa.

Daraja la 59 lilichukua majina ya milima. Vilikuwa vichwa 34, vilivyotengenezwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950. Kimoja kilikuwa na uzito wa takriban tani 250, na vilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Namba 5918 ni Mlima Gelai, ulio karibu na Ziwa Natron. Namba 5930 ni Shengena, kilele cha milima ya Upare.

Vingine vilibeba majina ya makabila. Namba 3020 ni Nyaturu, watu wa Singida, na 3123 ni Bavuma, watu wa visiwa vya Buvuma huko Uganda.

Ndiyo maana kibao kidogo cha chuma si jambo dogo. Gavana alikuja akaondoka, na kibao chake kikamfuata. Mlima uko palepale, na mkulima wa Upare akisikia Shengena anajua kwao kumetajwa.

Gelai, Shengena, Nyaturu na Bavuma vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Na kama kijijini kwenu yupo mzee aliyefanya kazi reli, muulizeni: alivuta mizigo na nani? Huenda akawajibu kwa jina la mlima.